Mama hula mchuzi: kisa cha uzito wa mama mdogo, Pemba

Siku ya tatu ya Idi, mama mdogo alishuka gari ya Wete hapa Chake Chake akaja moja kwa moja nyumbani kwangu. Hakungoja hata maji ya kunywa. Alifungua mkoba, akatoa vitu vitatu na kuvipanga juu ya mkeka: chupa ya siki ya tufaha, pakiti ya sanamaki, na karatasi aliyoandikiwa na jirani yake namna ya kuchemsha ndimu na tangawizi na kunywa kabla ya kutia kitu tumboni.

"Mwanangu, wewe umesomea chakula," akaniambia. "Nambie kipi katika hivi kitaamsha mwili wangu. Mie mwili umelala tokea nilipomzaa huyu wa mwisho. Hata nisipokula, naneneka."

Kazi yangu ni ushauri wa lishe. Kisa hiki naandika kwa ruhusa yake, na jina lake na kijiji chake, kilichomo Wilaya ya Wete, nimeviacha kwa makusudi. Naandika kwa sababu maneno yale ya mwili uliolala nayasikia kila wiki kutoka kwa wanawake wa umri wake, na kwa sababu jawabu la kwanza nililompa mama mdogo lilikuwa kosa. Jawabu la pili lilitoka mahali ambapo sikuwa nimetazama.

Tuanze na vipimo. Ana miaka 44, amezaa watoto watano, anachoma vitumbua asubuhi na kuviuza barazani kwake. Siku ile alikuwa na kilo 91 kwa urefu wa mita 1.57. Uwiano wa uzito na urefu, ule unaoandikwa BMI, ulikuwa 36.9, na unene wa kutia hofu huanzia 30. Kiuno kilikuwa sentimita 112, na kwa mwanamke hatari ya moyo na sukari hupanda sana kikipita 88. Nilimpeleka kupima damu kabla hajafungua kinywa: sukari 6.6. Ikifika 7 kwa aliyelala na njaa, huyo ni mgonjwa wa kisukari. Presha ilisoma 142 kwa 88.

Mama yangu mzazi ni dada yake, tumbo moja. Ana kisukari mwaka wa tisa huu, na nyayo zake hazisikii tena msumari wala moto. Kwa hiyo 6.6 ile kwangu haikuwa namba ya kuandika kwenye daftari tu.

Kuhusu mwili uliolala nilimjibu hivi. Kazi yote ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu, kujenga na kujitengeneza, wataalamu wanaiita umetaboli. Sehemu kubwa ya nguvu tunazotumia kwa siku, kiasi cha asilimia 60 hadi 75 kwa mtu asiyefanya kazi ngumu, huenda kwenye kuishi tu: moyo upige, ini lifanye kazi, ubongo usizime, damu ibaki na joto lake. Mwaka 2021 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kitoto cha siku nane hadi mzee wa miaka 95. Ukishaondoa tofauti za ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hayabadiliki baina ya miaka 20 na 60. Yanaanza kushuka baada ya 60, tena polepole, chini ya asilimia moja kwa mwaka. Mama mdogo ana 44. Mwili wake haukulala. Na kwa kuwa ni mwili mkubwa, unachoma nguvu nyingi kuliko wangu.

Hakupenda kusikia hivyo. Mtu akishabeba maelezo kwa miaka saba hawezi kuyatua kwa siku moja, na mimi sikumlazimisha.

Zipo sababu za kweli za mwili kupoa, na lazima ziulizwe. Tezi ya shingoni, thairoidi, ikizembea, mtu huhisi baridi, hupata choo kigumu, huchoka na kuongezeka uzito. Nilimtazama shingo, nikamuuliza hayo mengine, hakuwa nayo. Lakini nilimuuliza pia chumvi anayopikia. Alikuwa akitumia chumvi ya mawe inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya hapahapa. Wengi wetu tunaamini mtu wa kisiwani hawezi kukosa madini joto, maana bahari imemzunguka. Si kweli. Chumvi ya bahari ikishaanikwa na kukauka hubakiwa na madini joto kidogo mno, mpaka itiwe kiwandani au na mzalishaji mwenyewe. Tezi haiwezi kutengeneza homoni bila madini hayo. Tulibadilisha chumvi siku ileile, kwa ajili yake na zaidi kwa ajili ya binti yake mkubwa anayekaribia kuolewa.

Sanamaki nilimwomba aitupe. Inaendesha tumbo, na kilo inayoondoka ni maji na kinyesi, keshokutwa imerudi. Akiendelea nayo kwa wiki nyingi atapoteza potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Siki, ndimu na tangawizi nilimwachia atie kwenye mboga na samaki. Tangawizi na pilipili huongeza joto la mwili kwa muda mfupi na kwa kiasi kidogo, ila hakuna mafuta yanayoyeyuka tumboni kwa sababu ya ndimu.

Kisha nikampa karatasi yangu. Hapa ndipo nilipokosea.

Karatasi ile ilikuwa na shayiri ya pakiti asubuhi, tufaha saa nne, kifua cha kuku cha kuchoma na brokoli mchana, mtindi usio na mafuta, chai ya kijani. Kila kitu ndani yake ni chakula kizuri. Lakini ni chakula kinachoshuka kutoka kwenye boti bandarini Mkoani, na bei yake ni ya mtu mwenye mshahara. Mama mdogo alinunua shayiri mara mbili na matufaha mara tatu, tena kwa siri ili watoto wasione. Vilipokwisha, akajaza pengo kwa kushinda na njaa. Wiki ya tatu alikuwa amefika kilo 88.4, amefurahi, na mimi nimefurahi naye. Ilipofika Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja, mizani ilisoma 91.8. Amerudi alipotoka na zaidi.

Mtu akikata chakula bila mpango hupoteza mafuta na nyama ya mwili kwa pamoja, hasa kama protini ni haba. Nyama ya mwili, yaani misuli, huchoma nguvu hata ukiwa umelala: kilo moja ya misuli hutumia kama kalori 13 kwa siku, kilo ya mafuta nne na nusu hivi. Si tofauti ya kutisha, ila ukiipoteza na kuirudisha kwa mafuta mara tatu au nne katika maisha, na njaa nayo ikawa kali kuliko mwanzo, utaelewa kwa nini wanawake wengi husema kila nikijinyima naongezeka. Wanasema kweli kuhusu walichokiona, hata kama sababu siyo ile wanayoidhani.

Nikaona niende mwenyewe kijijini, nikalale siku mbili, nitazame.

Siku ya kwanza niliandika kila kitu bila kusema neno. Alfajiri, moto umeshawashwa, kikaango cha vitumbua kimepata mafuta, chai ya rangi ya iliki na vijiko vitatu vya sukari. Vitumbua vinavyovunjika havirudi kwenye bakuli la kuuza. Vinaingia kinywani huku mkono mwingine unageuza vingine. Nilihesabu vinne. Saa nne chai tena. Mchana hakula, "najinyima". Alasiri chai na kipande cha mkate, Maghribi chai, na nyingine tena mgeni alipoingia, vikombe vitano kwa siku. Vijiko kumi na tano vya sukari, kama gramu 75, kwenye chai tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote za siku, na ingekuwa bora zaidi chini ya asilimia 5, ambayo ni kama vijiko sita. Nilifikiri nimeshapata jawabu. Sukari na mafuta ya kukaangia, basi, nirudi Chake.

Kisha ikaja saa mbili ya usiku.

Alipika wali wa nazi na mchuzi wa vibua. Nazi mbili zilikunwa, kasimele, yaani tui zito la kwanza, likawekwa pembeni la kumalizia mchuzi. Vibua vilikuwa fungu moja, saba. Akapakua kwanza chakula cha baba mdogo, fundi wa kujenga aliyeshinda juani: wali, mchuzi, vibua viwili, akafunika kawa. Kisha sinia la watoto na sisi wanawake. Akamega: huyu kimoja, huyu kimoja, mpaka watoto wote watano. Kwa kuwa nilikuwa mgeni, kijana mkubwa akanisogezea chake, na mama mdogo akakirudisha na kumpa nusu, mie nusu.

Nikamuuliza, "Na wewe, mama?"

"Mie nina mchuzi."

Akaminya ndimu, akachota tonge la wali, akachovya. Aliyasema vile vile kama mtu anavyotaja jina lake. Nilikumbuka bibi yetu, na nikamkumbuka mama yangu kabla hajaugua. Sikuwahi kumwona mmoja wao akiweka kipande cha samaki mbele yake kabla watoto hawajainuka. Mama hula mchuzi. Watoto walipoinuka akakusanya wali uliobaki, maana kutupa chakula ni dhambi, akaula pamoja na ukoko.

Asubuhi nilimwomba anipakulie wali kama ule aliokula, niuweke kwenye mizani. Gramu 620, bila ukoko. Wali mtupu wa kiasi hicho ni kalori 800, na hapo bado hujaingiza tui, ambalo likiwa zito gramu 100 zake hubeba kalori kama 230. Nikajumlisha siku nzima. Nguvu zilikuwa nyingi kuliko mahitaji yake. Protini haikufika gramu 45. Mtu mzima anatakiwa walau gramu 0.8 kwa kila kilo. Hata nikimhesabia kilo 60 zinazofaa urefu wake badala ya 91 alizo nazo, alikuwa chini ya mstari. Mwanamke mwenye kilo 91, anayeishi mwendo wa dakika chache kutoka baharini, alikuwa hapati samaki wa kutosha.

Hilo ndilo jambo moja ninalotaka msomaji alione katika kisa hiki. Tunapozungumza vyakula vya kuusaidia mwili kuchoma vizuri na kupunguza uzito, macho yanakwenda dukani. Kwa mama mdogo chakula kile kilikuwa tayari ndani ya sinia. Kilikuwa kinamegwa upande mwingine.

Protini ina mambo mawili. La kwanza, mwili hutumia nguvu kuisaga na kuipanga: katika kila kalori 100 za protini, 20 hadi 30 huishia kwenye kazi hiyo, wakati za wanga ni 5 hadi 10 na za mafuta hazizidi 3. La pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, protini hushibisha na kulinda misuli wakati uzito unashuka. Mtu aliyekula wali na mchuzi hushiba kwa kujaza tumbo. Akila samaki, choroko na mboga kwanza, wali humtosha mapema. Njaa ya saa nne ya mama mdogo, ile iliyokuwa ikiita chai na kitumbua, ilikuwa ni njaa ya mtu aliyelala na wanga mtupu.

Kabla ya kubadilisha chungu, nilitaka kuzungumza na baba mdogo. Nilimkuta barazani baada ya Isha, nikamwamkia, nikakaa chini. Nilimweleza vipimo vya mkewe, nikamtajia nyayo za shemeji yake. Alinyamaza kitambo.

"Mie sijamnyima samaki mtu," akasema.

Nikamwambia hakuna aliyemnyima. Ndivyo alivyolelewa, na wala yeye mwenyewe haoni kama amekosa kitu.

"Fungu likiwa saba," akasema baadaye, "mie nitakula kimoja. Na siku ya kupata hela nitanunua mafungu mawili."

Sikutaka fundi arudi kazini na njaa, na hapo ndipo choroko zilipoingia. Choroko zilizochemshwa, kikombe kimoja, zina protini kama gramu 14 na nyuzinyuzi nyingi, kwa bei ambayo samaki hawezi kuifikia. Wali wa choroko tunaujua sote tangu utotoni, ila tumeuweka kuwa chakula cha siku kitoweo kimekosekana. Tulikubaliana upikwe usiku tatu kwa wiki, choroko nusu na mchele nusu, na kwamba vibua bado vitakuwepo juu yake.

Jaribio la kumpa mama mdogo sahani yake peke yake lilishindikana usiku wa kwanza. "Nile peke yangu kama nina ndwele?" Alikuwa sawa. Sinia lina maana yake, na mwanamke anayetengwa na sinia kwa sababu ya unene wake atarudi humo kwa hasira. Akabaki na sinia. Kilichobadilika ni mpangilio wa kumega: kitoweo chake kinamegwa mwanzo, na binti mkubwa, siye yeye. Binti alipewa kazi hiyo na baba yake mbele ya wote, ikawa imekwisha.

Asubuhi, kabla ya kugusa kikaango, alianza kula mayai mawili ya kuchemsha. Kuku wa kienyeji anao uani, na mayai alikuwa akiyauza yote. Gramu 12 za protini, na kalori 150 hivi. Siku nyingine alikula choroko au mbaazi zilizolala. Vitumbua vilivyovunjika viliwekwa kwenye sahani ya watoto wanaotoka chuoni kusoma Kurani. Wiki ya pili aliniambia kwamba havimwiti tena kama zamani, na nadhani ni yale mayai, kuliko nguvu ya nia anayojisifia.

Mchana alirudi kula. Hili lilimshangaza, kwamba mtu apunguze uzito kwa kuongeza mlo. Dagaa wakavu, kiganja kimoja, waliorowekwa na kuoshwa vizuri kuondoa chumvi kwa ajili ya presha yake, wakaungwa na kitunguu, tungule na ndimu. Pembeni matembele au mchicha au majani ya kunde, mengi. Na viazi vitamu viwili. Hapa niweke sawa jambo moja, maana nimesikia watu wakiambiwa waache wali wale muhogo ili wapungue. Muhogo si mwepesi kuliko wali. Gramu 100 za muhogo ni kalori kama 160, za wali uliopikwa 130, za kiazi kitamu 86. Muhogo wa nazi ni chakula kitamu cha kwetu na sitaki uondoke, ila usiliwe kwa kudhani ni dawa.

Nazi ndiyo iliyoleta mzozo. Sikusema iachwe. Niliomba chungu cha nazi mbili kiwe cha nazi moja, tui jepesi litumike kwenye wali, na usiku mwingine mchuzi uwe chukuchuku: samaki, maji, ndimu, kitunguu, pilipili mbichi, basi. Watoto wa mwisho walilalamika kwa siku nne. Mboga ya majani nayo ilipikwa bila tui mara tatu kwa wiki. Mchunga tu ulishindikana. Uchungu wake bila nazi hakuna aliyeuweza, na mimi mwenyewe nilikubali.

Chai haikukatwa kwa mkupuo. Kila wiki nusu kijiko kilipungua kwenye kikombe, na mdalasini na iliki vikazidi, kwa sababu harufu yake hudanganya ulimi kwamba utamu upo. Baada ya wiki nne kikombe kilikuwa na kijiko kimoja. Akinywa sasa chai ya msibani anasema imemkwama kooni.

Halafu kuna pweza. Maji ya bamvua yanapotoka, mama mdogo na jirani zake hushuka mwambani na vijiti. Pweza wote walikuwa wakiuzwa kwa mchuuzi palepale ufukweni, kwa kuwa pweza ni fedha. Nilimwonyesha hesabu: gramu 100 za pweza aliyepikwa zina protini kama 30, na mafuta yake ni ya kuhesabu, gramu mbili hivi. Sasa minyiri miwili inarudi nyumbani, na chaza wote hawauzwi tena. Fedha ilipungua, sitaficha. Alisema sukari na nazi zilizopungua zimerudisha sehemu ya hasara hiyo, nami sikuifanyia hesabu.

Kutembea tuliongeza nusu saa baada ya Alasiri, siku tano kwa wiki, mpaka shambani na kurudi. Faida yake ni kubwa kwa sukari, moyo na misuli, lakini nilimwonya asitegemee kutembea kulipie vitumbua. Huyo huyo Pontzer, mwaka 2012, pamoja na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa bara, kule Ziwa Eyasi, watu wanaoshinda porini kutafuta asali, mizizi na nyama. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu walizochoma kwa siku hazikuzidi za watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Mwili una namna ya kubana matumizi yake. Chungu ndicho kinachoamua uzito zaidi kuliko miguu.

Tulianza Mfunguo Nne. Kufikia maulidi ya Mfunguo Sita alikuwa na kilo 88.1, na safari hii bila kushinda na njaa hata siku moja. Pilau ya maulidi alikula. Nilimwomba tu nyama itangulie na asirudie sahani.

Kisha karafuu za vuli zikaiva, na uzito ukasimama. Miezi miwili mizima, Mfunguo Nane na Tisa, mizani ilicheza kwenye 86. Usiku wanawake hukaa pamoja kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, mpaka saa tano au sita, na chai tamu na mkate wa ufuta hupita mkono kwa mkono. Mchana alishindwa kupika. Alikata tamaa kidogo, akanipigia simu usiku akaniuliza kama aanze kunywa siki ile. Nilimweleza kwamba mwili uliopungua kilo tano unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa mwanzo, kwa hiyo kusimama ni jambo la kutarajiwa hata bila karafuu. Akaanza kwenda kuchambua na kopo la kunde za kuchemsha na chupa yake ya chai isiyo na sukari. Wenzake wawili sasa wanafanya vilevile. Hilo lilinifurahisha kuliko mizani.

Mwisho wa Shaabani alikuwa na kilo 83.9.

Ramadhani niliiogopa, kwa sababu futari yetu ni meza ya wanga mtupu: muhogo wa nazi, ndizi, tambi, uji, kaimati. Mtu hufunga kutwa na kufuturu sukari juu ya sukari. Mama mdogo alifungulia tende tatu na maji, akanywa bakuli la supu ya samaki ya chukuchuku, akaenda kuswali. Akirudi alichagua aina moja tu ya wanga, kipande cha shelisheli au muhogo, na samaki na mboga. Kaimati alizibakisha kwa usiku wa Ijumaa. Daku alikula mayai au choroko, na alisema kiu ya mchana ilikuwa nyepesi kuliko mwaka jana. Baada ya Idi tulipima: kilo 84.6. Ameongeza gramu mia saba katika mwezi ambao mwaka uliotangulia, kwa maneno yake, ulimwachia nguo zisizofungika.

Kutoka kilo 91 za siku ile ya sanamaki mpaka 84.6 ni pungufu ya asilimia 7. Kiasi hicho nilikilenga tangu mwanzo, kwa sababu utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwapa watu waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa lengo hilohilo pamoja na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na walioingia kisukari wakapungua kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformin iliwapunguza kwa 31. Kiuno cha mama mdogo sasa ni sentimita 103. Sukari kabla ya kula ni 5.7. Presha 134 kwa 84. Bado ni mnene kwa kila kipimo cha kitabu, na bado anahitaji kufuatiliwa. Mtu mmoja hawezi kuthibitisha lolote juu ya choroko au pweza, na siwezi kutenganisha kipi kilifanya kazi zaidi, sukari iliyotoka au samaki aliyeingia.

Mama yangu alipoona hayo akataka afuate palepale. Nilimzuia mpaka tumwone daktari wake. Anayetumia dawa za kushusha sukari akipunguza wanga ghafla, au akafunga bila ushauri, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka. Dawa zake zilipunguzwa kwanza, ndipo wali ukafuata.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni kusi. Upepo ukishakaza, vyombo vidogo havitoki, na fungu la vibua hupanda bei mpaka baba mdogo mwenyewe hurudi kwenye mchuzi. Hapo ndipo kitoweo cha mama kitakapokuwa cha kwanza kupotea, bila mtu yeyote kuamua hivyo. Tumekubaliana tujitayarishe bahari ingali tulivu. Wiki iliyopita nilimkuta uani amejifunga kanga kiunoni, anageuza dagaa juu ya jamvi, ndoo moja imeshajaa na kufunikwa. Binti yake alikuwa akichagua choroko za kuweka akiba. Nilimuuliza kama siku ambazo samaki ni haba bado anamega kuanzia kwa mama yake.

"Baba ndiye anayeuliza," akanijibu. "Hali mpaka aone."